Krediti Zinazobaki Njiani: Uhakiki wa Ripoti Moja ya Marekani

Mwaka 2017 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, ambayo hufanya uchunguzi kwa niaba ya Bunge la Marekani, ilitoa ripoti juu ya wanafunzi wanaohama vyuo. Kila kada anayeshughulika na elimu hana budi kuisoma, lakini aisome kwa jicho kali.

Kwanza tuipe haki yake. Ripoti inakadiria kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza, kwa wastani, asilimia 43 ya krediti zao, yaani vipimo vya masomo waliyokwisha kufaulu. Hata waliotoka chuo cha umma kwenda chuo kingine cha umma walipoteza asilimia 37. Nyuma ya tarakimu hizi kuna ada iliyolipwa na mikopo inayodaiwa.

Wanaoumia zaidi tunawafahamu. Vyuo vya jamii, vya miaka miwili na ada nafuu, ndio mlango wa watoto wengi wa wafanyakazi. Wanaambiwa njia ni nyepesi: krediti 60 hapa, 60 chuo kikuu, kisha shahada. Katika vitendo mambo ni mengine. California State University, kwa mfano, haipokei zaidi ya krediti 70 kutoka chuo cha jamii. Aliyekusanya 85, akijaribu kutimiza masharti ya idara mbalimbali, ameacha 15 njiani. Na hata zilizopokelewa huweza kuhesabiwa kama masomo ya hiari tu, naye akalazimika kurudia somo lile lile.

Sasa tuje kwenye udhaifu wa ripoti. Kichwa chake chenyewe kinasema kwamba wanafunzi wanahitaji taarifa zaidi. Inapendekeza vyuo vitangaze makubaliano yao ya kupokeana krediti, na Wizara ya Elimu itoe maelezo. Hayo ni mema, ila hayagusi mzizi. Mizani imeshikwa na chuo kinachopokea, peke yake. Mnunuzi akielezwa kwamba mizani imepinda, mizani haijanyooka.

Mtu atauliza: je, lipo lingine linalowezekana pale? Lipo. Sheria ya California ya 2010 ilianzisha stashahada maalumu ya krediti 60 katika vyuo vya jamii. Mwenye nayo akiendelea na fani inayofanana katika California State University, hawezi kudaiwa zaidi ya krediti 60 nyingine. Hapo sheria imekibana chuo kinachopokea. Upungufu wake ni kwamba haikuibana University of California.

Kwa hiyo, makada na wanafunzi, tunapochambua mpango wowote wa elimu wenye ngazi, tusiridhike kuuliza kama mwanafunzi ameelezwa njia. Tuulize nani ana mamlaka ya kuikataa kazi aliyokwisha kuifanya, na nani anamwajibisha.