Mwenyeji na Mgeni Katika Waya Mmoja: Uhakiki wa Istilahi

Katika ukurasa huu tunahakiki istilahi chache za kompyuta ambazo wanafunzi wetu wa tafsiri hapa Uganda hukariri bila kuzichunguza. Tumechagua kazi moja ndogo: kuunganisha kompyuta mbili kwa waya kupitia milango ya printa, bila kifaa kingine cha mtandao.

Mwaka 1993 Microsoft ilitoa MS-DOS 6 yenye programu mbili za kazi hiyo, INTERSVR na INTERLNK. Hapo kompyuta moja iliitwa seva na nyingine mteja. Mwaka 1995 Windows 95 ilifanya kazi ile ile, lakini ikaziita mwenyeji na mgeni. Waya ni ule ule, sitiari ni mbili: moja ya sokoni, nyingine ya nyumbani.

Sisi tunaipendelea ya nyumbani. Mteja hununua, na hapa hakuna mauzo. Tena, kwa vijana wa Kenya, aliye "mteja" ni yule asiyepatikana kwenye simu! Mwenyeji, kwa upande wake, ndiye mwenye mafaili; hungoja, hufungua folda anazotaka, na akipenda huweka nywila. Mgeni hubisha hodi, kisha hutumia alichoruhusiwa tu.

Hata hivyo, sitiari hii ina mpaka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika waya huu mwenyeji haponi: hawezi kuyafungua mafaili ya mgeni mpaka wabadilishane nafasi. Mwalimu asipolieleza hilo, methali itampotosha mwanafunzi.

Istilahi nyingine ni "mlango sambamba". Wapo wanaosema "bandari sambamba", tafsiri sisisi isiyo na msaada, kwani hapa hakuna meli wala shehena. "Mlango" ni bora. Lakini "sambamba" humfanya msomaji adhani kuwa biti 8 hupita pamoja kwenda na kurudi. Mlango wa awali ulikuwa na nyaya 8 za kupeleka data kwa printa, na 5 tu za kupokea ishara zake. Kwa hiyo waya wa kuunganishia hukutanisha nyaya 5 za data za upande mmoja na 5 za ishara za upande wa pili: 4 hubeba data, 1 huratibu zamu. Baiti moja hukatwa nusu mbili, ikapita kwa awamu mbili. Neno si kosa, ila halijitoshelezi.

Je, kwa nini tujadili waya uliokwisha pitwa na wakati? Kwa sababu maneno yamebaki. Leo kompyuta moja inapoendesha mfumo mwingine ndani yake, wataalamu bado husema mwenyeji na mgeni. Mtihani unaodai kisawe tu hupima kumbukumbu. Tunapendekeza mwanafunzi aulizwe pia: mwenyeji anampa mgeni nini, na anamnyima nini? Atakayejibu hilo ameielewa istilahi.