Jiwe la Mate

Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio ambalo mama yeyote angelipiga marufuku nyumbani kwake. Watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari wa meno, waliambiwa waache kupiga mswaki. Kati ya siku ya 10 na ya 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Wakaruhusiwa kuswaki tena, na kwa muda wa wiki moja hivi uvimbe ukaisha. Ikathibitika kuwa ukoga peke yake, ule utando laini wa bakteria, watosha kuziugulisha fizi, na ukiondolewa fizi hurudia hali yake.

Basi kama mswaki unatosha, kiti cha daktari cha nini?

Sababu iko kwenye mate. Mate yamebeba kalisi na fosfati, na ukoga ulioachwa siku chache huanza kuyanywa madini hayo hadi ukawa jiwe: ugaga. Hapo mswaki hauna lake tena. Anayetaka kuhakiki apitishe ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Penye mkwaruzo ndipo jiwe linapopenda kujijenga, kwa kuwa mate ya tezi za chini ya ulimi na taya humwagikia hapo. Makao yake ya pili ni magego ya juu, upande wa shavu, mkabala na mfereji wa tezi nyingine kubwa.

Daktari makini haanzi na mashine ya kuondoa ugaga. Huanza na kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi. Kikizama milimita 1 hadi 3, pana salama. Kikifika 4 na kuendelea, tena damu ikatoka, hapo pana mfuko, na pengine ugaga umejificha ndani yake. Ndipo mashine inapowashwa. Ncha yake hutetemeka zaidi ya mara 25,000 kwa sekunde, huku maji yakiipooza na kusomba vipande. Wengi huogopa mlio wake wakidhani jino linatobolewa. Lakini ncha hiyo si keekee: hulazwa ubavu juu ya jino, haichokonoi. Baada yake huja vyuma vya mkono, na hapa ndipo fundi hujulikana, maana chini ya ufizi jicho halifiki. Vidole ndivyo vinavyosikia kama mzizi umekuwa laini au bado una chembe.

Mwisho ni kung'arisha. Mgonjwa hupenda hatua hii kuliko zote kwa sababu ndiyo anayoiona kwenye kioo, ingawa kwa tiba ina uzito mdogo. Madoa ya chai na tumbaku hutoka. Ule ukahawia wa meno ya watu wengi waliokulia Arusha na kandokando ya Mlima Meru hautoki, hata daktari asugue hadi jioni: ni floridi ya maji ya kunywa, iliyoingia ndani ya enameli jino likiwa bado linaumbwa.

Wapo wanaoapa kwamba kusafishwa kunalegeza meno. Wanachokiona ni kweli, ila wanamsingizia asiyehusika. Jino lililokwisha kupoteza mfupa wake huegemezwa na ugaga kama ukuta mbovu uliopigiwa nguzo. Nguzo ikiondolewa, ubovu hujitokeza. Uwazi kati ya meno na ganzi ya maji baridi huja kwa namna hiyohiyo, na ganzi hiyo kwa kawaida hupungua baada ya siku kadhaa.

Siku hizo ndizo wengi huharibu. Wakiona damu kidogo huweka mswaki kando, na ukoga huanza upya palepale. Kinachofaa ni mswaki laini, maji ya vuguvugu yenye chumvi, na uzi au kiburashi cha kupitisha katikati ya meno. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini, daktari akiiandika, ni ya muda mfupi tu. Ikizidishwa, yenyewe hutia meno madoa.

Ushahidi mzito wa kazi hii ulitoka Karlstad, Uswidi, ambako Per Axelsson na Jan Lindhe walianza mwaka 1971 na 1972 kuwafuatilia watu 375. Miaka miwili ya kwanza walisafishwa kila miezi miwili na kufundishwa, tena na tena, kujisafisha wenyewe. Kuanzia mwaka wa saba, zaidi ya nusu yao walihitaji kuonekana mara moja tu kwa mwaka. Baada ya miaka 30 walibaki 257. Meno machache waliyopoteza yalipotea zaidi kwa kuvunjika mzizi. Yaliyopotea kwa kuoza au kwa ugonjwa wa fizi, kwa watu wote hao, yalikuwa 21.