Besi Imemmeza Misiani

Nganya zetu zina tabia moja ya muziki: besi juu kabisa, trebo juu kabisa, katikati pamezamishwa. Vitufe vya ikwalaiza vimepangika kama mdomo unaocheka. Ngoma nyingi za siku hizi huhimili hilo, zimetengenezwa besi ikiwa mbele. Lakini weka benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz uone. Besi inakupiga kifuani, simbali zinachoma masikio, na Misiani mwenyewe yuko huko mbali kama anayeimbia ndani ya mtungi.

Si uchawi. Uzi mnene wa gitaa hutetemeka mara 82 kwa sekunde, yaani hezi 82. Ule mwembamba ukiachwa wazi, kama 330. Gitaa la solo la benga hupanda kutoka hapo, likikimbia mbio za nyatiti, na mwimbaji yuko papo hapo katikati. Juu zaidi, hezi 2,000 hadi 4,000 hivi, ndipo sikio hunasa zile t na k zinazotenganisha neno na neno. Zizamishe, ubaki na mtu anayelia vokali. Na huyu si mtu wa kuachiwa vokali! Nyimbo zake ziliwahi kumtia ndani. Serikali ilimsikia vizuri kuliko abiria wa leo.

Wanaojitetea husema injini inanguruma, lazima besi ipande. Kiasi, ni kweli. Hata ukisikiliza polepole usiku ndani ya bedsita, sikio lenyewe halishiki besi vizuri, kwa hivyo kuongeza kidogo ni haki yako. Lakini sauti ikishapanda hadi vioo vinatetemeka, upungufu huo wa sikio huwa umepungua sana. Tena kila desibeli 10 unazoongeza zinadai amplifaya itoe nguvu mara 10. Ikishindwa, inakata vilele vya mawimbi, na ule mkwaruzo unaofuata ndio watu huuita eti mzigo.

Mimi ningerudisha vitufe vyote sifuri kwanza. Sauti ikiwa bado imefunikwa, shusha kinachoifunika, usikimbilie kuipandisha yenyewe. Jaribu na benga unayoijua. Kuna gitaa la pili mle ndani, na siku zote lilikuwa linajibizana na la kwanza.