Iwepo

Kabla ya kugusa kibodi, fundi anafungua daftari la Kasuku na kuandika tarehe kwa kalamu ya bluu. Tuko ghorofa ya tatu, Kilimani, na chini yetu matatu za 46 zinapiga honi kwenye Argwings Kodhek Road. Kazi ya leo ni kuweka programu ya kukusanya kumbukumbu kwenye seva 38, baadhi zikiwa kwenye chumba chenye baridi katikati ya jiji, nyingine ng'ambo. Nilidhani angezishika zote kwa mpigo. Anaanza na moja tu, ya majaribio, tena kwa mkono.

Kila seva ina shajara yake. Ndani ya /var/log inaandika nani ameingia, nani amekataliwa, malipo gani yamepita na yapi yamekwama, mstari baada ya mstari, usiku na mchana. Ila kila moja inajiandikia peke yake. Mteja akilalamika kwamba hela zimekatwa na risiti haikuja, utazunguka mashine kumi ukisaka mstari mmoja. Filebeat, programu aliyoichagua, hukaa kando ya faili hizo, husoma kila mstari mpya na kuutuma kwenye hifadhi ya pamoja. Huweka pia alama ilipoishia, kama msomaji anayekunja pembe ya ukurasa, ili mtandao ukikatika ijue pa kuendelea.

Kwa saa nzima anaisakinisha na kuipanga, na kila amri anaiandika daftarini, hata zilizokosea. Iliyokosea anaipitishia mstari mwembamba, bado inasomeka. "Hii ndiyo itanikumbusha kwa nini nilifanya ile ya pili, kaka," ananiambia bila kuinua macho.

Sasa daftari linahamia kwenye faili. Anatumia Ansible, chombo alichokianzisha Michael DeHaan mwaka 2012. Jina ni neno lililoanzia kwenye riwaya za Ursula K. Le Guin, ambamo ansible ni kifaa cha kupeleka ujumbe kati ya nyota bila kuchelewa hata nukta. Hapa Kilimani ujumbe unapita kwa SSH, mlango uleule ambao mafundi huingilia kwenye seva kila siku. Faili yenyewe ni ya YAML, na YAML ina ukali wa mwalimu wa hati: ujongeze mistari kwa nafasi, zilingane, ukitumia Tab, inakataa. Namwona akisogeza kishale hatua moja moja, midomo ikihesabu.

Katika faili hiyo haandiki amri ya kusakinisha. Anaandika hali anayotaka ikutwe: programu iwepo, toleo liwe hili hasa, huduma iwe inafanya kazi, na ijiwashe mashine inapowashwa. Ile -e yetu ya ombi na dua imepata kazi ya ufundi, na mimi niliyefundishwa sarufi kwa kiboko nilifurahi kuikuta hapo. Tofauti ni kubwa. Ukisema "ongeza mstari" mara mbili, utapata mistari miwili. Ukisema "uwepo" mara mia, chombo kitakagua, kikiukuta kitapita.

Kisha kalibu. Maseremala wa kando ya Ngong Road huchonga kiolezo kimoja cha mkono wa kiti, wakakata mbao zote kwa kukifuata. Yeye anaandika faili moja ya mipangilio yenye mapengo: jina la seva, kazi yake, faili za kusomwa. Ansible itayajaza kwa kila mashine. Kwenye kalibu hiyo anaongeza sehemu inayomchukua muda mrefu kuliko zote, ya nambari za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu nambari ya mtu kuwa data yake, kwa hiyo tarakimu za katikati zigeuke nyota kabla mstari haujatoka kwenye seva. Anajaribu nambari inayoanza na 07, halafu 01, halafu +254, halafu iliyoandikwa na mapengo katikati. Ya mwisho inapenya. Anarudi nyuma, anarekebisha, anajaribu zote nne upya.

Pembeni ya skrini amebandika karatasi ya saa. Seva zinaandika kwa UTC, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Mteja anayesema hela zilikatwa saa mbili usiku anatafutwa kwenye 17:00.

Ameagiza kila faili ya mipangilio ipimwe kabla ya kuwekwa, na huduma iwashwe upya pale tu faili inapobadilika. Kwanza anaendesha zoezi kavu: chombo kinaonyesha kingebadilisha nini, bila kubadilisha. Anasoma alama za kutoa na za kujumlisha hadi ya mwisho. Ndipo anaruhusu seva moja, baadaye tano, na zilizobaki zisubiri; ikikosea hata moja, zote zisimame.

Kwenye zile tano, ya nne inageuka nyekundu. Kijana wa atachimenti anashika kichwa. Fundi anaingia kwenye mashine, anatazama diski: imejaa pomoni, na kilichoijaza ni kumbukumbu za programu iliyozimwa zamani, ambazo hakuna aliyeiambia logrotate, programu ya kuondoa kumbukumbu kuukuu, izizungushe. Kumbukumbu zimemnyima mkusanyaji nafasi! Angeweza kufuta na kuendelea. Badala yake anaandika hatua mpya juu kabisa ya faili, ya kukagua nafasi ya diski, na nyingine ya kuzungusha kumbukumbu, kisha anaanza tena na seva ya majaribio.

Alasiri mistari ya manjano inateremka, manjano ikiwa rangi ya kilichobadilika. Zote 38 zinatuma. Mimi nafunga begi, lakini yeye anaendesha faili ileile kwa mara ya pili. Safari hii ni kijani kitupu, na kwenye hesabu ya mwisho safu ya mabadiliko inasoma 0, 0, 0 mpaka chini.

"Madam, imekwama?" kijana anauliza.

"Imekuta kila kitu mahali pake." Anachukua kalamu ya bluu, anaandika saa kumi na dakika arobaini, na kando yake 13:40.