Udhaifu na Unyonge: Juu ya Kufasiri Neno "Weak"

Aghalabu wafasiri hulitolea neno la Kiingereza "weak" visawe vinne, dhaifu, hafifu, legevu na nyonge, wakivitenga kwa alama ya mkato tu. Mpango huo humpoteza msomaji, kwani maneno hayo hayakutoka shina moja wala hayatumiki mahali pamoja.

Asili ya neno la Kiingereza ni kupinda. Umbo lake latokana na "veikr" ya Skandinavia ya kale, na ndugu yake wa Kijerumani, "weich", maana yake ni laini. Kwa wazee wa lugha hizo, kilichokubali kupindwa ndicho kilichohesabiwa kukosa nguvu.

Wazo hilo halichukuliki katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, penye mikoko ya hekta zipatazo 53,000. Katika nyumba ya udongo nguzo husimamishwa, kisha fito hufungwa juu yake kwa kamba. Ufito mzuri ni ule upindikao bila kuvunjika, wala hapana auitaye dhaifu. Nguzo iliyoliwa na mchwa ndiyo dhaifu. Kamba isiyokazwa ndiyo legevu. Na mwanga wa koroboi ndio hafifu, kwani asili ya neno hilo katika Kiarabu ni wepesi. Lakini hakuna nguzo iitwayo nyonge. Unyonge ni hali ya mtu mbele ya mwenye nguvu kumzidi.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 1905 watu wa Umatumbi na wa sehemu za Rufiji, waliokuwa wamelazimishwa kulima pamba, waliwapiga vita Wajerumani. Na tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, kusini ya delta hiyo. Mwandishi awaitaye watu hao dhaifu huitia kasoro ndani yao wenyewe. Awaitaye wanyonge humshitaki pia aliyewaonea, ijapokuwa hakumtaja. Azimio la Arusha la 1967 nalo lilichagua neno unyonge.

Methali isemayo "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni" huyakutanisha maneno mawili kwa mlio tu, na mlio si ushahidi wa asili. Ushahidi wake ni wa maana: mnyonge ana haki, na yuko anayedaiwa haki hiyo. Nguzo dhaifu haimdai mtu kitu. Basi yampasa mtungaji wa kamusi aondoe mkato, na kila neno alipe mfano wake.