Kiumbe Aliyemo Ndani ya Kinyago

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania ya leo, akiwa na kamera ya sinema. Ilikuwa miaka 11 tu tangu ndugu Lumière waonyeshe picha zao za sinema Paris. Lakini ufundi wa kumtisha mtazamaji kwa kiumbe asiyejulikana Wamakonde wa huko walikuwa nao tayari: ngoma ya midimu.

Vijana wanapotoka jandoni, midimu huingia uwanjani. Kinyago huchongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kurukaruka nacho. Cha mpingo kingemvunja shingo. Chale za usoni hutengenezwa kwa nta, na vinyago vingine hupandikizwa nywele halisi za binadamu. Mwili hufunikwa nguo kuanzia shingoni hadi miguuni, kwa kuwa desturi ilitaka wanawake na watoto wasijue kwamba ndani mna mtu. Wapo wanaocheza juu ya magongo marefu. Kiumbe huibuka, huwakimbilia watu, kisha hutoweka.

Aliyelelewa na ngoma hiyo hawezi kuziona ngeni filamu za kutisha za Ulaya, zile za sayari za mbali na maabara za siri, ambazo mashabiki wake huzirudia mwaka hadi mwaka. Utamu wake uko kwenye kazi ya mikono. Mwitaliano Mario Bava, alipotengeneza Terrore nello spazio mwaka 1965, aliisimamisha sayari nzima kwa mawe mawili ya plastiki, vioo vya kuyazidisha na moshi wa kuficha pengo. Mfaransa Georges Franju, katika Les Yeux sans visage ya 1960, alimvika binti wa daktari kinyago cheupe kisichocheka wala kulia, akayaachia macho yake kazi yote.

Alien ya 1979 ndiyo iliyo jirani zaidi na Newala. Fedha zilikuwa za Marekani, lakini mwongozaji Ridley Scott aliipiga Shepperton, Uingereza, na kiumbe wake alibuniwa na Mswisi H. R. Giger. Kama mchongaji na nywele zake, Giger alitia fuvu halisi la binadamu ndani ya kile kichwa kirefu kisicho na macho. Fundi Mwitaliano Carlo Rambaldi akakiundia mitambo ya taya. Kisha akatafutwa wa kukivaa: Bolaji Badejo, Mnigeria aliyekuwa akisomea sanaa London, mwenye urefu uliozidi mita 2. Alifunzwa tai chi, mazoezi ya Kichina, ili mwendo wake uwe wa taratibu usiofanana na wa mtu, naye Scott akamwonyesha kwa dakika chache tu, mkono hapa, mkia pale.

Picha za kompyuta zinaweza kuchora jino kwa jino, lakini uzito wa mwili unaohema ndani ya vazi hazijaupata. Mtazamaji anajua mna mtu mle, na bado anarudi nyuma.

Katika midimu, jina la mchezaji hufichwa kwa makusudi. La Badejo lilisahauliwa tu, na hiyo ni dhuluma. Hakuigiza filamu nyingine. Alirudi Nigeria, akafungua jumba la sanaa, akafariki mwaka 1992, huku filamu zilizofuata zikiwavika wengine kiumbe ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kutembea.