Pongezi kwa jumuiya ndogo ndogo

Ukitaka kuona tumaini la Kikristo likitenda kazi, ifuate jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki inapoelekea kwa mgonjwa. Kaya chache za mtaa mmoja, chini ya mtakatifu msimamizi wao, hukutana kila wiki, nyumba hadi nyumba, kusoma Injili na kujuliana hali. Maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, waliufanya utaratibu huu kipaumbele cha uchungaji miaka ya 1970, na kwa maoni yangu ni katika maamuzi yao bora kabisa.

Mgonjwa wa saratani aliyerudishwa nyumbani hahitaji hotuba. Anahitaji mtu wa kumgeuza kitandani, wa kufua mashuka, wa kumwita padre kwa Mpako wa Wagonjwa. Akina mama wa jumuiya hufanya hayo, kisha husali rozari polepole ili naye aitikie, kama sauti bado ipo. Hawamwambii kwamba anaadhibiwa. Wamesoma habari za Ayubu: rafiki zake walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walikuwa sahihi, walipofungua midomo ndipo walipomwongezea maumivu.

Msiba ukitokea, masufuria na viti hufika mapema, na zamu za kulala na mfiwa hupangwa. Ndiyo maana inaniuma kusikia jumuiya ikitajwa kwa michango ya fedha tu.

Hongereni sana, hasa ninyi mnaorudi kwa mjane mwezi wa tatu baada ya mazishi, wengine wakiwa wameshaacha hata kupiga simu.